Tasnifu ndani ya mradi wa hewa ukaa: somo la Yaeda Chini

Tangu 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wana hati za hakimiliki ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000 za pori. Shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team) liliwasaidia kuzipata chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Juu ya msingi huo kampuni ya Carbon Tanzania ikaanzisha mradi wa hewa ukaa, unaouza kaboni inayobaki katika miti isiyokatwa, kwa kiwango cha Plan Vivo, ambacho kinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iende kwa jamii. Fedha hizo hulipa walinzi wa kijiji, matibabu na ada za shule.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, mradi wa namna hii ni fursa adimu. Mpaka umekwisha kuchorwa. Kuna kumbukumbu za doria za miaka, na kuna watu wanaolijua pori kwa miguu. Mwenye mwaka mmoja tu wa utafiti na fedha za kubahatisha hawezi kuyajenga hayo peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa uhandisi nchini Ujerumani huandika tasnifu zao wakiwa viwandani, na ndiyo maana napenda kuona wetu wakifanya hivyo zaidi. Ila kazi inayofanyika ndani ya mradi wa kampuni huponyoka upesi ikawa ripoti ya kampuni yenye jalada la chuo. Kinachoiokoa ni swali la utafiti.

Kampuni inataka kujua kama ukataji wa miti umepungua, na inalo jibu lake tayari, kwa kuwa mauzo yake yanasimama juu ya jibu hilo. Mwanafunzi akilirudia swali lilelile kwa takwimu zilezile, ataishia kupiga muhuri. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana, na mwanafunzi akabaki salama akilipata.

Chukua daftari la doria. Walinzi wanapokuta shamba jipya, kambi ya mchoma mkaa au mti uliokatwa, wanaandika mahali na tarehe. Tuseme mwaka wa kwanza walikuta matukio 20 na mwaka wa pili 30. Anayesoma haraka atasema uvamizi umeongezeka kwa nusu. Lakini ikiwa mwaka wa kwanza walitembea siku 100 na mwaka wa pili siku 200, kiwango kwa siku ya doria kimeshuka kutoka 0.20 hadi 0.15. Hapo hapo linazuka jambo lingine: walinzi hupita njia wanazozijua, karibu na maji na makazi. Eneo lisilopitiwa huonekana safi kwenye ramani kwa sababu tu hakuna aliyefika. Basi mwanafunzi anatakiwa kugawa pori katika vipande, ahesabu kila kipande kilitembelewa mara ngapi, kisha achague kwa bahati nasibu vipande ambavyo havikupitiwa na aende huko yeye mwenyewe na mlinzi. Akikuta mashamba mapya, tasnifu imepata jambo la kusema ambalo kampuni haikuwa nalo. Asipoyakuta, daftari la walinzi limepata uthibitisho ambao haukutoka kwa mwenye mradi. Matokeo yote mawili yana thamani, na hicho ndicho kipimo cha swali zuri.

Picha za satelaiti nazo zina mtego wake Yaeda. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na Sentinel-2, ambayo huonyesha hadi mita 10, ipo tangu 2015, kwa hiyo kisingizio cha gharama kimekwisha. Shida ni msimu. Sehemu kubwa ya pori lile hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na ukilitazama kutoka juu mwezi Septemba linafanana na shamba lililovunwa. Mvua zikinyesha, mahindi na vichaka vyote ni kijani. Anayetumia picha ya msimu mmoja atahesabu pori kuwa shamba au shamba kuwa pori, na kosa hilo litaingia katika kila tani atakayoitaja. Inabidi zitumike picha za misimu miwili kwa kila mwaka, kisha ramani ihakikiwe kwa alama za GPS zilizochukuliwa ardhini, tena na mtu ambaye hakuichora.

Kwenye miti yenyewe, kanuni inajulikana: kipenyo hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3, mlinganyo unatoa uzito mkavu, uzito unazidishwa kwa 0.47 kupata kaboni, na kaboni kwa 44 gawanya kwa 12 kupata hewa ukaa. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 300 unabeba takribani kilo 517 za hewa ukaa. Mbuyu ndio unaovuruga hesabu. Shina lake ni laini, limejaa maji, na mara nyingi lina uwazi ndani. Mlinganyo wa miti ya kawaida ukitumika juu yake utatoa uzito wa kutisha usiokuwapo. Mbuyu mmoja mkubwa ndani ya kiwanja kidogo cha sampuli unaweza kupotosha wastani wa kiwanja chote. Mwanafunzi aitenge mibuyu, aiwekee mlinganyo wake, na aonyeshe jumla ikiwa nayo na isipokuwa nayo.

Upande wa watu unahitaji uangalifu zaidi ya huo. Kibali cha chuo kinapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka wilayani Mbulu, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila ngazi ina siku zake. Sampuli ya kaya kutoka rejesta ya kijiji haitoshi, maana kambi za Wahadzabe huhama kufuata asali, matunda na maji, na anayehesabu nyumba zilizosimama barabarani atawahoji waliotulia tu. Pia bonde ni la Wadatoga na Wairaqw vilevile. Kama kilimo kimehama kutoka ndani ya mpaka wa mradi kwenda nje, wao ndio wanaojua, na kuwaacha nje ya utafiti ni kuacha swali la uhamaji bila jibu. Kwa wazee, mkalimani wa Kihadza ni lazima, na asiwe mlinzi anayelipwa na mradi unaochunguzwa.

Yote hayo yanasimama au kuanguka kwa karatasi moja inayosainiwa kabla ya safari ya kwanza. Makubaliano kati ya chuo, kampuni na kijiji yaseme nani anamiliki takwimu, na kwamba kampuni ina haki ya kusoma rasimu na kusahihisha makosa ya ukweli, ila haina haki ya kuzuia matokeo. Taarifa za watu zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kampuni iliyo makini haitaogopa masharti hayo. Agosti 2023 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa miradi 26 ya misitu katika nchi sita, Tanzania ikiwemo, na mingi ilionekana kupunguza ukataji kwa kiasi kidogo kuliko ilivyodai. Matokeo yale hayaihukumu Yaeda, lakini tangu siku hiyo mnunuzi wa hewa ukaa anauliza nani mwingine amehesabu.

Kwa wasimamizi wa tasnifu nina ombi moja. Msipitishe kazi ya aina hii mpaka mwanafunzi amerudi bondeni na kuyasoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, na muhtasari wa mkutano huo uwekwe ndani ya tasnifu pamoja na yale wanakijiji waliyoyapinga.