Babygirl: mpini uliotupwa Japani

Kosa la Babygirl halimo kitandani. Limo ofisini, dakika za mwisho, pale tunapopashwa habari kwamba Samuel amekwenda Japani kufanya kazi katika kampuni ya Kawasaki. Ni maneno machache ya kupita, na kijana aliyeibeba filamu kwa zaidi ya saa nzima anafutika. Hatumwoni akiamua, hatumwoni akifungasha, hatujui nani alimtafutia nafasi ile wala kama aliiomba mwenyewe. Halina Reijn, aliyeiandika na kuiongoza filamu hii, alikuwa ameshatuahidi kwa picha kwamba hadithi yake inahusu nani kashika mpini na nani kashika makali. Saa ya kujibu ilipowadia, kisu chenyewe kikaondolewa mezani. Huo ni uamuzi mbovu, na unauma zaidi kwa sababu kazi iliyoutangulia ilikuwa safi.

Tazama kisu kilivyonolewa. Romy Mathis ni mkurugenzi mkuu wa Tensile, kampuni ya roboti za maghala. Samuel ni mwanagenzi aliyeingia juzi. Romy yuko baa na wenzake wa kazini, mara mhudumu anamwekea mbele glasi ya maziwa ambayo hakuiagiza. Anainua macho, anamwona ng'ambo ya chumba aliyeituma. Angeweza kuirudisha. Ana cheo, ana umri, ana watu wake wamemzunguka meza nzima. Anaishika glasi na kuinywa mpaka tone la mwisho, na kijana anapopita nyuma yake kwenda zake anamsifu kama anavyosifiwa mtoto aliyemaliza uji. Hakuna aliyeguswa, hakuna amri iliyotamkwa, na tayari tumeuelewa mkataba wao wote: nguvu ya Samuel ni ile anayopewa na Romy, na Romy anampa mbele ya watu ambao wakiujua ukweli watamwangusha. Baadaye Samuel anaitamka hatari hiyo waziwazi. Simu moja kutoka kwake, na Romy amepoteza kila kitu. Hapo tamaa na madaraka vinashonwa uzi mmoja, kwa maana hofu ya simu ile ni sehemu ya utamu wenyewe. Mwanamke aliyezoea kuamua kwa niaba ya kila mtu amepata mahali pa kuogopa.

Silaha ya namna hiyo ina njia mbili za kutoka katika hadithi: mwenye nayo aitumie, au aiweke chini huku tukimwangalia. Njia zote mbili ni vitendo, na kitendo ndicho kinachotuonyesha tabia ya mtu. Samuel akiipiga simu, tunajua alikuwa adui. Asipoipiga, tunajua kuna huruma, au mapenzi, au kuchoka, na uso wa Harris Dickinson, anayemwigiza, ungetuambia ni lipi kati ya hayo. Kuna hata uwezekano wa tatu, mkali kuliko yote: kwamba safari ya Japani ilipangwa na Romy mwenyewe au na kampuni yake. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba mambo yakiharibika kati ya bosi na mdogo wake, anayehamishwa ni mdogo, na mara nyingi anahamishwa kwa heshima, na barua nzuri ya kumsifu. Kama ndivyo, basi Romy hatimaye ametumia nguvu yake halisi, nguvu ya kusaini, dhidi ya mtu ambaye miezi yote ile alijifanya kumtii. Na kama Samuel aliondoka kwa hiari, basi ndiye aliyemweka huru. Hizo ni filamu mbili tofauti kabisa. Sentensi ya Japani haichagui hata moja, na kwa kutochagua inatuachia mashaka kama mwandishi mwenyewe aliujua uzito wa alichokigusa.

Wako wanaolitetea onyesho hilo la ofisini kwa sababu ya jibu ambalo Romy anampa Sebastian, mwanamume anayejaribu kumbana kwa siri aliyoinusa. Anamwambia kwamba siku akitaka kudhalilishwa, atamlipa mtu amfanyie kazi hiyo. Ni jibu zuri, na Nicole Kidman, anayemwigiza Romy, analitoa bila kupepesa. Lakini lipime kwa vipimo ambavyo filamu yenyewe imetupa. Romy anasimama kidete mbele ya mtu ambaye hatukuwahi kumwogopa, wakati yule tuliyefundishwa kumwogopa yuko bara jingine. Ushujaa huo umepunguziwa bei. Mbele ya Samuel, maneno yale yale yangekuwa na damu ndani yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Reijn amekataa kumwadhibu mwanamke mwenye tamaa, na kwamba kukataa huko ndiko ukombozi wa filamu hii. Hoja hiyo ina historia, na historia yenyewe ina kidonda ambacho sitaacha kukitaja. Fatal Attraction ya Adrian Lyne, ya mwaka 1987, ilikuwa na mwisho wa kweli: Alex Forrest anajiua, na lawama inamwangukia Dan, mume wa watu aliyemchezea. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Studio ikapiga mwisho mpya, Alex akageuzwa jini wa bafuni na kuuawa kwa risasi ya mke, na kamera ikamalizia kwenye picha ya familia. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, aliupinga uamuzi huo. Tangu hapo imekuwa desturi ya Hollywood kumfukuza mgeni ili nyumba ibaki safi, na wanaoisifu Babygirl wanasema imekuja kuivunja desturi hiyo. Mimi naona imeirudia. Mmoja aliondolewa kwa risasi, mwingine kwa tiketi ya ndege, na filamu zote mbili zinafungia kwa wanandoa. Kutomwadhibu Romy ni jambo jema. Kumsamehe gharama ya alichokifanya ni jambo jingine, kwa sababu gharama hiyo haikuyeyuka. Imebebwa na Samuel, na filamu haikumuuliza alijisikiaje.

Watasema pia kwamba Samuel si mtu, ni ndoto ya Romy iliyovaa suti, na ndoto haihitaji kuagwa. Ningeikubali hoja hiyo kama Reijn angemchora hivyo tangu mwanzo. Lakini kumbuka chumba cha hoteli ya bei rahisi, onyesho bora kuliko yote katika filamu. Samuel anajaribu amri, haikai, anacheka, anajirekebisha, anaonekana kijana asiye na uhakika na anachokifanya, anayepapasa njia sawa na mwanamke aliye mbele yake. Anampa peremende kiganjani, Romy anamwendea kwa magoti, kisha yuko kifudifudi juu ya zulia na kamera imemkaribia usoni, tukiisikia sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia kwa miaka yote ya ndoa. Nguvu ya chumba kile inatokana na ukweli kwamba wawili wale ni watu, wote wanaweza kuumia, na wote wanajua. Ndoto haicheki kwa aibu. Huwezi kumpa mtu nyama na mifupa katikati ya hadithi, halafu ukamgeuza moshi mwishoni kwa sababu moshi ni rahisi kufagia.

Ugonjwa huo huo, wa kuambiwa mahali tulipopaswa kuonyeshwa, umeanza mapema kidogo, pale Jacob, mume wa Romy, na Samuel wanapoingia katika mjadala wa kama tamaa ya mwanamke ya kutawaliwa ni kitu kilichobuniwa na wanaume. Ugomvi wao na jinsi Jacob anavyobanwa pumzi vilitosha. Mjadala unageuza mwili kuwa semina.

Wakongwe waliifanyaje kazi hii? Michael Haneke, katika The Piano Teacher ya mwaka 2001, alimpa Erika, mwalimu wa piano, barua ya matakwa yake, akamfanya Walter, mwanafunzi wake, aisome mbele yake huku kabati limeziba mlango, na tukamwona yeye aliyeamuru akigeuka mateka wa maandishi yake mwenyewe. Mwishoni Erika wa Isabelle Huppert anajichoma kisu karibu na bega, kisha anatoka nje akiwa peke yake, na hakuna neno linalosemwa kutueleza. Steven Shainberg, katika Secretary ya mwaka 2002, aliamini njia ya furaha, na bado aliilipia: Lee anakaa kwenye meza ya bosi wake akiwa na gauni la harusi, viganja juu ya meza, nyayo sakafuni, siku baada ya siku, hata njaa na mkojo havimwinui. Tunaiona nguvu ikibadilisha mikono ndani ya ukaidi ule wa utii, mpaka bosi mwenyewe anashindwa. Filamu ile ina kasoro zake, lakini haikumtuma mtu Japani.

Kidman alistahili tuzo ya mwigizaji bora aliyopewa Venice mwaka 2024, na kamera ya Jasper Wolf haina doa. Hata onyesho la mwisho limehaririwa kwa ustadi: Jacob amejifunza kumfunika mkewe macho kwa mkono, na ndani ya giza hilo Romy anamwona Samuel chumbani na mbwa. Picha ni nzuri. Ila Samuel anaruhusiwa kurudi kama picha kwa sababu tu ameshanyang'anywa haki ya kuondoka kama mtu. Lilihitajika onyesho moja la dakika mbili: Samuel, barua ya Kawasaki mkononi, simu mezani. Halimo.