Kipusa Hanyongi Baiskeli

MWANZONI mwa Agosti nilikuwa Korbesa, karibu na Merti katika Kaunti ya Isiolo, nyumbani kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini majirani waliposikia kwamba kuna profesa mgeni, walileta watoto wao ati "wapigwe msasa kidogo". Tukaketi chini ya mgunga, watoto kumi hivi, nami sina kitabu wala chaki. Nilikuwa na simu tu, na ndani yake habari mbili za michezo zilizohusu tukio moja.

Ya kwanza, kwa ufupi, ilisema kwamba mwendesha baiskeli wa Mauritius ameshinda hatua ya tano ya mbio za Ufaransa na kutwaa tena jezi ya manjano. Nikawauliza: huyu ni mwanamume au mwanamke? Wote wakajibu kwamba ni mwanamume. Hata wasichana.

Ya pili ilianza kwa kusema kwamba kipusa wa Mauritius ametamba Ufaransa. Nikauliza: kipusa huyu amefanya nini? Mmoja akasema ameimba. Mwingine akasema ameshinda mashindano ya urembo. Baiskeli haikumjia yeyote akilini.

Sitasema habari hizo zilitoka wapi, kwa maana kosa ni letu sote. Aliyezungumziwa ni Kimberley Le Court, ambaye tarehe 30 Julai 2025 alishinda hatua ya tano ya Tour de France ya wanawake, safari ya zaidi ya kilomita 160 iliyoishia mjini Guéret. Hakuna Mwafrika mwingine aliyewahi kushinda hatua katika mbio hizo za wanawake wala kuivaa jezi yao ya manjano. Miezi mitatu awali, alikuwa ameshinda mbio kongwe za Liège-Bastogne-Liège kule Ubelgiji. Jambo kubwa kama hilo lilifika Korbesa likiwa limepotea njiani mara mbili: mara ya kwanza bingwa alipoteza uanamke wake, mara ya pili akapoteza baiskeli yake.

Tuanze na huyo kipusa. Maana yake ya asili ni pembe ya kifaru: kitu cha thamani, ndiyo, lakini thamani ya kuwindwa na kuuzwa. Baadaye neno likahamia kwa msichana mrembo. Kurasa zetu za michezo zimelikumbatia pamoja na "kidosho" na "mrembo", hata mlinda lango aliyepangua penalti tatu huitwa kipusa. Hebu tujiulize: Tadej Pogačar aliposhinda mbio za wanaume mwaka huo huo, nani aliandika kwamba "mtanashati wa Slovenia" ameshinda? Yeye aliitwa bingwa, basi. Mwanamume husifiwa kwa alichofanya, naye mwanamke kwa anavyoonekana.

Pale Korbesa nililitambua hili kwa uchungu zaidi. Wenyeji wangu ni Waborana. Kiswahili cha zamani kiliwajumuisha watu wa jamii hiyo katika jina "Wagala", na tukawatungia hata methali ambayo sikuthubutu kuitamka mbele yao. Jina hilo walipewa na waliokuwa wakiwatazama kutoka mbali. Kipusa naye ni jina la mtazamaji. Halimwambii msomaji lolote kuhusu anayetazamwa.

Kosa la pili ni gumu zaidi, na hapa sharti nijisahihishe. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha yenye usawa, kwa kuwa hakibagui jinsia katika sarufi. Watoto wale huzungumza Kiborana nyumbani, lugha ambayo kitenzi cha nafsi ya tatu hubadilika kutegemea kama mtenda ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakina hitaji hilo. "Alishinda" ni yeye yeyote. "Bingwa" ni yeyote. Kumbe "yeyote" huyo, akifika masikioni mwetu, huota ndevu! Sarufi imeacha kiti wazi, nayo mazoea yakamketisha mwanamume.

Kwa hivyo haitoshi kulifuta "kipusa" na kuliacha pengo. Jinsia itajwe mara moja, mwanzoni, kama sehemu ya habari: "mbio za wanawake". Kisha mwanariadha apewe jina lake, na vitenzi vifanye kazi. Kiswahili kina vitenzi tele vya mchezo huu: kunyonga baiskeli, kuchomoka kundini, kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, kupanda mlima, kuteremka, kufyatuka mita za mwisho. Mwandishi mwenye vitenzi hivi hana haja ya kidosho.

Tena tuwe makini na istilahi. Katika mbio za hatua, muda wa kila siku hujumlishwa, na jezi ya manjano huvaliwa na mwenye jumla ndogo kuliko wote. Kushinda hatua si kushinda mbio. Le Court alishinda hatua moja; mbio zenyewe, baada ya hatua tisa, zilishindwa na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa. Hapa "zilishindwa na" nayo ni mtego, kwani msomaji anaweza kudhani mbio ndizo zilizolemewa! Afadhali tuseme Ferrand-Prévot "aliibuka mshindi wa jumla". Mwaka 2024, Katarzyna Niewiadoma wa Poland alimpiku Demi Vollering wa Uholanzi kwa sekunde 4 tu baada ya hatua nane. Sekunde nne katika siku nzima za kunyonga! Habari kama hiyo inahitaji urembo gani mwingine?

Mbio hizi zenyewe zimewahi kusahauliwa. Wanaume walianza mwaka 1903. Wanawake walipata za kwao za hatua nyingi mwaka 1984, Marianne Martin wa Marekani akashinda, lakini baada ya 1989 waandaaji wakaziacha. Jina la Tour de France lilirudi kwa mbio za hatua za wanawake mwaka 2022. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na Magdeleine Vallières wa Kanada akawa bingwa wa wanawake. Mchezo umefika mlangoni petu. Lugha yetu isibaki nyuma.

Chini ya mgunga ule niliisoma habari mara ya tatu, sasa kwa maneno yangu: katika mbio za wanawake za Ufaransa, Kimberley Le Court wa Mauritius amewafyatukia wenzake mita za mwisho na kushinda hatua ya tano. Kukawa kimya. Kisha msichana mmoja wa Gredi ya 7 akainua mkono.

"Mwalimu, baiskeli yake ina gia ngapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini hilo ndilo swali ambalo habari ya michezo inapaswa kuzua.