Maana ya Chombo baina ya Picha na Mahali: Sahani za Maiolika na Mabakuli ya Makaburi ya Kunduchi

Uhakiki huu unajadili swali moja: je, maana ya chombo cha udongo imo katika picha iliyochorwa juu yake, au imo mahali kilipowekwa? Swali hilo linachunguzwa kwa kulinganisha sahani za maiolika za Italia za karne ya 16 na mabakuli ya Kichina yaliyojengewa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam.

Sahani za maiolika zilipakwa tabaka jeupe lenye bati, kisha zikachorwa visa vya miungu wa Wayunani na Warumi, vingi vikitoka katika Metamorphoses ya Ovid. Francesco Xanto Avelli, aliyefanya kazi Urbino, aliandika nyuma ya sahani zake maelezo ya kisa na jina lake. Sahani kama hizo hujibebea ushahidi: hata zikiwa kabatini London, kisa husomeka. Hata hivyo, usomaji huo una pengo. Seti aliyoichora Nicola da Urbino kwa ajili ya Isabella d'Este, yapata mwaka 1524, imetawanyika katika makumbusho mbalimbali. Picha zimesalimika, meza iliyoziunganisha haipo.

Bakuli la Kunduchi halina maelezo ya aina hiyo. Aliyelifinyanga hakumjua marehemu. Ni mjenzi wa pwani aliyelipa maana mpya alipolizamisha katika chokaa, likaacha kuwa chombo cha chakula, likawa alama ya heshima. Mabakuli mengi yameng'olewa, yakaacha mashimo ya duara. Bakuli lililong'olewa huitwa "la Kichina" tu, na kazi ya mjenzi Mswahili hufutika katika jina hilo. Hapa ndipo uainishaji unaozingatia asili ya chombo pekee unapopungukiwa.

Hoja hii inapata nguvu Songea. Katika Makumbusho ya Majimaji, sanamu za viongozi wa Wangoni zimesimama karibu na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Zikihamishwa, sura zitabaki, lakini ushahidi wa ardhi hautazifuata.

Inahitimishwa kwamba picha husafiri, ilhali mahali hapasafiri. Kwa hiyo, kumbukumbu ya kila bakuli lililohifadhiwa haina budi kutaja kwanza kaburi lilikotoka, ndipo itaje nchi lilikotengenezwa.