Sura Mbili za Rupia

Sarafu husomwa kama maandiko mengine: ina mwandishi, ina msomaji, na ina mambo inayoyanyamazia. Wahubiri wetu hupenda kuieleza Marko 12 kana kwamba dinari ile ilikuwa na thamani tu, bila sura. Ndipo mahubiri yakaishia katika wajibu wa kulipa kodi. Lakini Bwana aliuliza kwanza habari za sanamu na anwani. Swali hilo na tuliulize juu ya fedha iliyofika Ukinga na Ubena katika miaka ile ile Wamisionari wa Berlin walipoleta Injili Tandala na Kidugala.

Katika Ujerumani ya karne ya 16, miji iliyojitawala chini ya Kaisari, kama vile Nürnberg na Lübeck, ilijipigia taleri zake za fedha. Mara nyingi upande mmoja ulikuwa na tai wa Dola, na wa pili alama ya mji wenyewe. Lübeck iliupokea Uluteri mwaka 1531, ila Yohana Mbatizaji na mwana-kondoo wake walibaki katika taleri zake (jambo la kuwafikirisha wanaodhani Matengenezo yalifuta kila sanamu). Taleri ile ilisema: tunamtii Kaisari, na sisi pia tupo.

Rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kupigwa mwaka 1890, inafanana nayo kwa mbali. Upande huu Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Upande ule yupo simba mbele ya mnazi. Mtazamaji wa haraka atasema Afrika nayo imepewa upande wake. Sikubali. Simba yule ni nembo ya kampuni, na jina linalomzunguka ni la kampuni. Nchi imechorwa, wala haikusema neno. Tena pesa ya shaba ya kampuni hiyo iliandikwa upande mmoja kwa herufi za Kiarabu, zilizosomwa na watu wengi wa pwani. Rupia ya fedha iliandikwa Kilatini na Kijerumani. Sarafu ndogo ilimsemesha mnunuzi. Kubwa ilimpita.

Na hiyo kubwa ndiyo iliyodaiwa. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwaka 1904 serikali ilipiga rupia yake yenyewe, simba akaondolewa, na rupia ikagawanywa kuwa heller 100. Jina hilo tungali nalo vinywani, hela. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vilifika Yakobi, karibu na Njombe, na kituo cha misheni kikashambuliwa. Kodi haikuwa sababu pekee. Hata hivyo, mtu aliyedaiwa sura ya Kaisari na Mzungu mmoja, akafundishwa na mwingine kwamba yeye mwenyewe ni sura ya Mungu, alikuwa na haki ya kuuliza kama hao wawili wanajuana. Katika mahubiri yote niliyosikia juu ya Marko 12, sijasikia akijibiwa.