Wapanda Mikoko wa Rufiji
Wastahili sifa wapanda mikoko wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambao, maji yakupwapo, huzama matopeni kuchomeka mbegu ndefu zilizokwisha kuota zingali mtini, hekima ya ajabu ya Mola, wakifufua sehemu zilizofyekwa kwa kilimo cha mpunga katika msitu wa takriban hekta 53,000, ambao boriti zake zamani zilipelekwa kwa majahazi hata Arabuni. Msitu huo ni hifadhi ya dola tangu enzi ya Wadachi. Sheria ya Misitu ya 2002 imeruhusu usimamizi wa pamoja na vijiji, nami naona ni insafu iliyochelewa, kwani aliyeacha konde lake la mpunga ana haki ya kupata riziki ya kaa, kamba na asali kabla ya kuombwa kupanda mche mwingine.