Omweso Darasani: Somo au Pambo la Somo?

Wengi wetu walimu wa shule za msingi tumezoea kuutoa mchezo mwisho wa kipindi cha hesabu, kama peremende ya kumtuliza mtoto aliyechoka. Makala haya yanaipinga desturi hiyo, na shahidi wangu ni omweso, mchezo usio mgeni katika Busoga, hata pale Buwenge, kwenye njia itokayo Jinja kwenda Kamuli.

Omweso ni ndugu wa bao la Waswahili. Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32. Wako walimu wanaouleta darasani, kisha wakaugeuza chombo cha kuhesabia tu: weka kete tano, ongeza tatu, ni ngapi? Hapo mchezo umekwisha kufa. Vijiti vingetosha.

Hesabu yenyewe imo katika kucheza. Mtoto achotaye kete 9 hana budi ajue, kabla ya kuzigawa mojamoja, ya mwisho itaangukia wapi. Ikikuta shimo lenye kete, ataendelea. Ikikuta tupu, zamu imekwisha. Akichota 16, ya mwisho itarudi katika shimo lile lile alilolimaliza mwenyewe, naye atakwama. Akichota 17, itavuka shimo moja zaidi. Huko ni kugawanya kwa 16 na kupata baki, na mtoto amekufanya bila kuambiwa jina lake.

Itasemwa kwamba madarasa yamejaa tangu elimu ya msingi bila ada ilipoanza Uganda mwaka 1997. Ni kweli. Watoto 80 huhitaji mashimo ya mbao 40 na kete 2,560. Lakini mashimo huchimbwa uani, na kete ni vijiwe. Kuviokota na kuvihesabu ni kipindi kizima cha hesabu, tena kizuri.

Upungufu ninaoukiri ni mwingine. Mtoto aionaye baki ubaoni huenda asiweze kuiandika, na mtihani wa darasa la saba hudai kalamu. Hivyo mwalimu ausimamishe mchezo katikati, aulize: kwa nini umechagua shimo lile? Jibu litolewe kwa Lusoga, kisha liandikwe kwa tarakimu. Mwalimu asiyejua kucheza hataweza kuuliza swali hilo. Basi na aende kwanza barazani kwa wazee, akafungwe mara kadhaa.