Vuta N'Kuvute Ikitazamwa kutoka Tabora

Kabla ya lawama, sifa. Filamu ya Amil Shivji, Vuta N'Kuvute, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, haina haraka. Filamu nyingi za ukombozi hutegemea umati na hotuba. Hii inamtegemea binti mmoja. Yasmin ni Mhindi wa Unguja ya miaka ya 1950. Anaozwa kwa Raza, mwanamume anayemzidi umri mno, anatoroka, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza.

Umahiri wa Shivji uko kwenye giza. Mwanga ni haba, vivuli vimeachwa vitawale, na mara nyingi tunaona nusu tu ya uso. Wapo watakaosema ni urembo mtupu. Mimi naona hoja. Mke mtoro na mwanasiasa anayesakwa wote wanaishi kwa kujificha, na kamera inawatazama kwa namna ile ile. Mume, ukoo na polisi wa kikoloni wanakuwa mamlaka moja yenye macho mengi. Hakuna mhusika anayelazimika kutueleza kwamba ndoa ya kulazimishwa na ukoloni ni ndugu, na ni nadra sinema yetu kuwa na subira ya kuacha picha iseme hivyo yenyewe.

Riwaya ya Adam Shafi ambayo filamu imetokana nayo, iliyochapishwa 1999, ina tabia nyingine. Inazurura, inampitisha Yasmin kwenye nyumba na mikono kadhaa, inacheka, inapiga soga. Shivji na mwandishi mwenzake, Jenna Bass, wameibana ikawa mapenzi ya watu wawili. Hadithi imepata msukumo, lakini kuna kilichopotea: mlango wa Yasmin kuingilia siasa umekuwa mwanamume. Mwanamke anaamka kwa sababu amependa. Mtindo huu wa usimulizi ni mkongwe mno, na giza lote lile zuri haliwezi kuuficha.

Ndipo namgeukia Mwajuma. Anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa kweli wa Zanzibar, na kila anapoimba filamu inapumua. Lakini tazama wimbo umepewa kazi gani. Kwa sehemu kubwa ni hewa ya tukio: unatia hamu, unatia huzuni, unatuandaa kwa mapenzi yajayo. Haupeleki habari wala hauwakusanyi watu. Kihistoria, wimbo wa mwanamke ulifanya yote hayo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia 1955, na vikundi vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa ngazi yake ya kuwafikia wenzake. Wanawake hao waliingia siasani wakiwa kundi, na mashoga zao.

Ukiitazama filamu hii ukiwa Tabora, pengo hilo linakuwa kubwa zaidi. Huu ni mji wa wageni waliogeuka wenyeji. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, yaani hapa hapa, ikaacha Waarabu wa Oman, Wahindi, Wamanyema na watu wa pwani kati ya Wanyamwezi. Wanawake nao waliitembea njia hiyo, wakipika, wakibeba mizigo, wengine wakiwa watumwa. Ngoma nazo zilisafiri. Beni ya pwani ilifika hadi huku. Hadithi ya mwanamke mhamiaji hapa haiwezi kubanwa kwenye chumba chenye taa moja. Inataka barabara, baraza na kituo cha reli.

Na siasa yenyewe ilipita hapa. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaa Tabora kubishania kura tatu, yaani sharti la kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alishawishi chama kishiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akaondoka kuunda chama chake. Uamuzi huo, ulioitwa wa Busara, ulifungua mlango ambao Yasmin wa kwenye filamu haoneshwi. Mwaka huo huo Sophia Mustafa, mzaliwa wa India aliyekulia Nairobi na kuishi Arusha, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, chama ambacho wakati ule hakikupokea wanachama wasio Waafrika. Mwanamke wa Kihindi, mhamiaji mara mbili, anapigiwa kampeni na chama kisichoweza kumpa kadi. Kama si mchezo wa kuigiza huo, basi sijui tunautafuta wapi.

Sisemi Shivji alipaswa kutengeneza filamu hiyo. Yeye alikuwa na Unguja yake na riwaya yake, na kazi yake ilistahili kupelekwa na Tanzania kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2022. Nasema umbo alilolichagua lina mpaka: linajua upweke wa mwanamke kuliko linavyojua ushirika wake. Anayetafuta hadithi ya kuigizwa aje Tabora. Wazee waliosikia habari za mkutano ule kwa mama zao bado wapo, na hawatangoja miaka ishirini mingine.